Rejeta ya gari Unguja na Pemba: maji ya kisima, maji ya mvua, maji ya betri au kulanti?

Fundi aliifungua wota pampu ya Noah yangu, ile pampu inayozungusha maji ndani ya injini, akaniwekea mkononi bila ya kusema neno. Mapanga yake yalikuwa yameliwa, yamebaki membamba na yamechanika kingo kama jani la mgomba lililopigwa na kusi. Ndani ya rejeta mlikuwa na tope zito la rangi ya udongo, na chini ya tope gamba jeupe lililoziba karibu nusu ya mirija. Rejeta hiyo nilikuwa sijatimiza miaka miwili tangu niinunue.

"Unatia maji gani, mwanangu?"

"Ya kisima cha nyumbani, Fundi. Masafi, ndiyo tunayokunywa."

"Kisima cha wapi?"

"Jambiani."

Akatikisa kichwa. "Basi umekuwa ukiitilia gari bahari, kidogo kidogo, kila asubuhi."

Siku hizo nilikuwa nachukua abiria baina ya Mjini Unguja na pwani ya kusini, na chupa ya maji ya lita 1.5 ilikuwa haikosi chini ya kiti. Asubuhi nafungua boneti, natia maji, naondoka. Nikidhani huko ndiko kulitunza gari. Tangu siku ile nimeshajaribu karibu kila kitu ambacho watu hapa hukitia kwenye rejeta, pamoja na kulanti, yale majimaji ya rangi ya dukani yenye dawa ya kutu, na nimeuliza mafundi wa Mjini na wa Chake Chake, Pemba. Nitavipanga hapa kimoja mbele ya chengine, ili anayesimama dukani asijue la kuchukua awe na pa kuanzia.

Kwanza ujue kinachoila rejeta

Ndani ya injini maji yanazunguka njia ile ile maelfu ya mara: yanapita kwenye bloku, yaani mwili wa injini, yanapanda silinda hedi, yaani kichwa chake, yanaingia kwenye rejeta kupoa, yanarudi. Njiani yanagusa chuma, aluminiamu, na kwenye gari za zamani shaba na risasi ya kulehemu. Metali mbili tafauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi huwa kama betri. Umeme mdogo hupita baina yao, na ile iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa. Katika gari nyingi za Kijapani tunazoendesha, dhaifu huyo ni aluminiamu, nayo ndiyo iliyotengenezewa silinda hedi na rejeta.

Aluminiamu ina kinga yake yenyewe, utando mwembamba sana unaojijenga juu yake ikikutana na hewa au maji. Kinachoutoboa utando huo ni kloraidi, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi ya bahari. Ndiyo maana rejeta ya aluminiamu haichakai sawasawa kama bati la paa. Huonekana nzima, inang'ara, kumbe ina kitundu cha sindano kinachotema maji injini ikipata moto tu.

Halafu kuna oksijeni. Maji mapya huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, na kutu haili bila ya hewa hiyo. Ikishatumika yote, na kama mfumo umefungika vizuri, kutu ya chuma hupungua sana hata ndani ya maji ya kawaida. Balaa ni kuongezaongeza. Kila chupa ya asubuhi inaleta oksijeni mpya, chokaa mpya na chumvi mpya, na vile vya jana bado vimo ndani, kwani kilichotoka ni maji tu.

Ndugu yangu mmoja anaishi Uingereza. Kule nyumba nyingi hupashwa moto kwa maji yanayozunguka ndani ya marejeta ya chuma yaliyofungwa ukutani, na fundi akija humimina dawa ya kuzuia kutu ndani ya mfumo mzima, kiasi cha lita 1 kwa kila lita 100 za maji hivi. Alinihadithia kuwa nyumba yao iliwahi kujaa tope jeusi la chuma ndani ya mabomba ingawa dawa ilitiwa. Fundi alipochunguza akakuta mfumo unavuja mahali, na wao kila wiki walikuwa wakiongeza maji ya bomba, dawa ikazidi kuwa nyepesi na oksijeni ikazidi kuingia. Nilipomsikiliza niliona nahadithiwa Noah yangu.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, kama gari lako linakunywa maji, tafuta yanakwenda wapi. Tazama hosi kwenye mabano yake, tazama chini ya wota pampu kama pana alama ya mchirizi, tazama mpira wa mfuniko wa rejeta kama umepasuka. Kama nje kukavu na maji bado yanapungua, vuta kijiti cha oili: ikiwa oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeshapitisha, na hakuna kopo lolote la dukani litakalokusaidia. Mfumo unaovuja ukiutilia kulanti ya bei unaimwaga njiani.

Maji tuliyonayo

Visiwa vyetu vinakunywa kutoka ardhini. Unguja, hasa upande wa mashariki na kusini, ardhi hiyo ni jiwe la matumbawe, na maji yakipita ndani ya matumbawe yanatoka na chokaa. Unaijua chokaa hiyo: ni gamba jeupe ndani ya birika. Kwenye birika utaikwangua. Kwenye mirija ya rejeta, ambayo upana wake ni milimita chache, haikwanguliki, na inazuia joto lisipite.

Karibu na pwani huongezeka chumvi. Maji matamu chini ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea kwenye mchuzi, na ukiyavuta kwa pampu kuliko mvua inavyoyarudisha, ya chumvi yanapanda. Watu wa Nungwi, Paje, Jambiani na Makunduchi hawahitaji kuambiwa. Mwisho wa kiangazi hata ulimi unajua. Pemba hali ni tafauti kidogo, kwani upande wa magharibi una vilima na udongo wenye kina, na visima vingi huko ni vitamu kuliko vya kwetu pwani. Lakini ukifika Micheweni kwenye mawe hadithi inarudi ile ile.

Maji ya mfereji ya Mjini watu huyaona ni salama zaidi kwa gari kwa sababu yametoka kwenye bomba. Chumvi yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya kisima cha ufukweni, hilo kweli. Chokaa ipo vile vile, kwa kuwa nayo yametoka kwenye visima na chemchemi za ardhi hiyo hiyo.

Wapo wanaoyachemsha kwanza. Kuchemsha huua vijidudu na hutupa sehemu ya chokaa chini ya sufuria, lakini chumvi haiondoki kwa moto. Inabaki yote, na kwa kuwa maji yamepungua, inazidi kukoza.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Mimina maji kidogo kwenye sahani nyeusi au kioo, acha juani mpaka yakauke. Yakiacha duara jeupe, yasiingie kwenye rejeta. Kipimo chengine ni cha wanaofua: maji ambayo sabuni haitoi povu mpaka uisugue sana, hayo yana chokaa nyingi.

Maji ya mvua ndiyo zawadi tuliyonayo na hatuitumii. Yametoka mawinguni bila ya chokaa. Ila yanataka adabu ya kuyakinga. Wacha mvua ya masika ipige angalau nusu saa, ioshe vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo kwenye bati, halafu ndiyo ukinge, tena kwenye chombo cha plastiki kilicho safi. Anayekaa ufukweni mashariki ajue kuwa kusi hunyunyizia paa lake bahari miezi kadhaa mfululizo, kwa hiyo aiache mvua ioshe zaidi, au akinge kwenye uwazi bila ya kupitisha batini. Maji ya mvua hayana chokaa, lakini hewa yanayo na dawa ya kutu hayana. Kwa hiyo ni maji mazuri ya kuchanganyia kulanti, na mabaya kuyategemea peke yake.

Maji yanayodondoka kwenye eyakondishena nayo watu huyakusanya, wengine hupigia pasi. Asili yake ni mvuke wa hewani, kwa hiyo ni laini. Yanabeba vumbi na ukungu wa ndani ya mashine, basi yachuje kwa kitambaa. Kwa dharura ninayapendelea kuliko ya kisima. Maji ya chupa ya kunywa yapo katikati: wengi huyasafisha sana kiwandani kisha hurudisha madini kidogo ili yawe na ladha. Ukikwama njiani Kitogani nunua chupa hizo, usiombe ndoo ya kisima.

Halafu kuna maji ya betri, na hapa nisikilize vizuri. Dukani jina hilo linaweza kumaanisha vitu viwili. Kimoja ni maji yaliyogeuzwa mvuke kisha mvuke ukapozwa ukawa maji tena, hayana chumvi wala chokaa. Hayo ndiyo unayoyataka. Kingine ni tindikali ya kujazia betri mpya. Ukiitia tindikali kwenye rejeta utaimaliza injini, na ikikurukia machoni utapofuka. Usimwambie muuzaji "nipe maji ya betri" ukanyamaza. Mwambie ni ya kuongezea betri iliyopungua, soma chupa, na kama haina maandishi irudishe.

Maji matupu mbele ya kulanti

Yupo fundi atakayekuambia kulanti ni ya nchi za baridi, kwa hiyo sisi haituhusu. Kwa upande mmoja ana haki. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, na kazi yake maarufu ni kuzuia maji yasigande. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, haigandi mpaka baridi ifike kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Sisi hapa tukifika nyuzi 22 tunatafuta shuka.

Ana haki pia akisema maji yanapoza vizuri zaidi. Kilo 1 ya maji hubeba kama kilojuli 4.2 za joto kwa kila nyuzi inayopanda, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba karibu 3.5. Ndiyo maana kutia kulanti iliyokoza bila ya kuichanganya na maji, kama nilivyowaona baadhi wakifanya kwa kudhani zaidi ndiyo bora, huifanya injini ipate moto zaidi.

Anapokosea ni kudhani kwamba kazi ya kulanti inaishia kwenye baridi. Tia lita 1 ya maji ya betri safi kabisa ndani ya injini, na bado yatakula chuma, kwa sababu yana hewa na hayana dawa. Ndani ya kulanti mna dawa za kuzuia kutu zinazotandaza utando juu ya metali, zinazozuia maji yasigeuke kuwa makali kama siki, na zinazosaidia sili ya wota pampu isikauke. Mapanga ya pampu yangu yalikuwa yameliwa kwa kukosa hizo.

Tena kuna suala la kuchemka, ambalo kwetu ni la kila siku. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwa 107 hivi, bila ya shinikizo. Mfuniko wa rejeta ukiwa mzima huongeza shinikizo. Tazama juu yake, Toyota nyingi zimeandikwa 0.9 au 1.1, nacho ndicho kipimo cha shinikizo hilo. Kwa mfuniko huo maji hayachemki mpaka kama nyuzi 120, na mchanganyiko wa kulanti unakaribia 130. Tafauti hiyo utaihisi unapopanda vilima baina ya Mkoani na Chake Chake umejaza abiria, au ukisimama foleni Darajani saa saba mchana, gari haiendi na hakuna upepo ila wa feni. Maji matupu na mfuniko uliochoka vikikutana, gari inachemka wakati kipimo bado hakijafika kwenye nyekundu. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, na ni wa kwanza kuubadilisha kabla ya kununua rejeta. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya mwenye kuwahi boti, kwani mvuke ule unachubua ngozi ya uso na mikono kwa mara moja.

Kijani, nyekundu, pinki

Rangi ni ya kutia tu. Hakuna sheria ya dunia inayosema kijani ni hivi na nyekundu ni vile, na viwanda viwili vinaweza kutia rangi moja kwenye vitu viwili tafauti. Soma maandishi.

Kwa kawaida, kijani cha bei nafuu ni cha aina ya zamani. Dawa yake hufanya kazi haraka na huisha haraka, kwa hiyo ibadilishwe kila miaka 2. Inafaa gari kongwe zenye rejeta ya shaba, zile ambazo fundi bado anaweza kuzilehemu. Aina mpya zenye asidi za kikaboni, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya chungwa, nyekundu au zambarau, hudumu zaidi, miaka 5 hivi kama mfumo haujachafuliwa.

Wajapani walikuwa na yao. Toyota za zamani zilikuja na nyekundu ya kubadilishwa kila miaka 2 au 3. Toyota za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 nyingi zina pinki iliyochanganywa tayari kiwandani, na kampuni yenyewe huiweka kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza na kilomita 80,000 kila baada ya hapo. Ukinunua IST au Vitz kutoka Japani ukakuta pinki safi ndani yake, usimruhusu mtu aimwage ili akutilie kijani. Iache, na ikipungua ongeza ya aina ile ile.

Jambo linalotuhusu sisi wa visiwani zaidi ni hili. Viwanda vya Japani hutumia fosfeti kama dawa ya kulinda aluminiamu, na huepuka silikati. Viwanda vya Ulaya kwa muda mrefu vimefanya kinyume, vinaikwepa fosfeti, kwa sababu fosfeti ikikutana na maji yenye chokaa nyingi hushikana nayo ikawa gamba na tope. Maji ya Ulaya sehemu nyingi yana chokaa. Na yetu je? Kwa hiyo mtu anayenunua kulanti nyekundu ya Kijapani iliyokoza, ya bei nzuri, halafu akaichanganya na maji ya kisima cha Kiembesamaki, anaiua dawa hiyo ndani ya ndoo kabla haijaingia kwenye gari. Niliwahi kufanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana nikiulizwa lipi bora, kopo la kulanti iliyokoza au dumu la iliyochanganywa tayari, jawabu langu kwa watu wengi ni iliyochanganywa tayari. Kwa hesabu ya lita ni ghali, kwani lita 1 iliyokoza unaipatia lita 2. Lakini maji yaliyomo ndani ya dumu hilo ni masafi, na maji masafi ndiyo yanayotushinda hapa. Iliyokoza naipendekeza kwa mwenye maji ya betri ya uhakika au mvua iliyokingwa vizuri, na kwa mwenye kuosha mfumo mzima, kwa sababu nitakayoieleza chini.

Kuchanganya aina mbili ukiwa umekwama si mwisho wa dunia, gari itakufikisha. Ila baina ya baadhi ya aina hutokea ute mzito kama uji, na hata pasipotokea ute, dawa iliyodumu miaka 5 hurudi kuwa ya miaka 2. Ukichanganya, panga kuimwaga yote.

Kulanti ya kweli na maji yaliyotiwa rangi

Hili limewaumiza wengi kuliko suala la aina. Madukani yapo madumu yenye maji, rangi ya kijani na picha ya theluji, basi. Kipimo ninachokitumia nyumbani ni friza. Chukua kijiko cha kulanti iliyochanganywa tayari, tia kwenye kichupa kidogo chenye kifuniko cha kukaza, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki, weka mbali na chakula, kilale usiku mzima. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu utabaki majimaji. Ukikuta barafu ngumu, umeuziwa maji. Kile tusichokihitaji kwa hali yetu ya hewa kinatusaidia kumjua mkweli.

Haki ni haki, kwa hiyo niongeze: zipo bidhaa za kweli za nchi za joto zenye glaikoli kidogo na dawa ya kutu ya kutosha, na hizo zitaganda. Muuzaji mkweli huandika hivyo kwenye dumu. Iliyoandikwa nusu kwa nusu, au nyuzi 37 chini ya sifuri, halafu ikaganda kwenye friza, huyo amekudanganya.

Dawa ya kutu peke yake

Kuna njia ya tatu ambayo kwa nadharia ndiyo inayotufaa kuliko zote: dawa ya kuzuia kutu bila ya glaikoli, unaitia kwenye maji ya betri, basi. Unapata maji yanayopoza vizuri na metali inayolindwa. Haina ulinzi wa baridi, na hatuuhitaji. Inachokosa ni zile nyuzi chache za ziada kabla ya kuchemka, kwa hiyo mfuniko lazima uwe mzima. Kwetu haipatikani kwa urahisi, na nimeiona zaidi kwa watu walioagiza kutoka nje. Ukiipata, ifuate kipimo chake kama dawa ya hospitali. Dawa pungufu haifuniki metali yote, na kutu hujikusanya pale palipobaki wazi.

Nani atie nini

Mwenye gari ya kawaida ya Kijapani yenye rejeta ya aluminiamu, haivuji, anaitumia kila siku: kulanti ya aina ya Kijapani iliyochanganywa tayari. Sina shaka yoyote hapo.

Mwenye gari kongwe inayovuja, na pesa ya kuitengeneza bado: maji ya mvua au ya eyakondishena kwa sasa, weka akiba ya matengenezo, usinunue kulanti. Hapo watu wengi hunishangaa, lakini kulanti inayotoka njiani kila wiki haikulindi kitu.

Mwenye jenereta kubwa ya dizeli ya kupozwa kwa maji, na hoteli nyingi zilijifunza kuwa nayo baada ya Unguja kukaa gizani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, afuate kitabu cha injini tu. Injini nyingi kubwa za dizeli hutetemesha slivu zake, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, mpaka vipovu vya maji vinatoboa chuma kwa nje, na dawa yake ni maalumu. Kijani cha gari ndogo hakitoshi.

Ukiwa unabadilisha kutoka maji ya kisima kwenda kulanti, kama nilivyofanya mimi, ujue ukifungua koki ya chini ya rejeta hutoka kama nusu tu ya maji. Yaliyobaki yamo ndani ya bloku. Jaza, washa injini mpaka themostati, ile vali inayoyaruhusu maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, ifunguke, zima, iache ipoe kabisa, mwaga, rudia. Mimi nilirudia mara nne kabla maji hayajatoka safi, na mara mbili za mwisho nilitumia maji ya mvua ili mle ndani yasibaki ya kisima. Sasa hesabu: ikiwa mfumo wako ni wa lita 6 na 3 zimebaki ndani, ukijaza iliyochanganywa tayari utakuwa na robo ya kulanti tu, nayo haitoshi, isishuke chini ya theluthi. Kwa hiyo safari ya kwanza tia lita 3 za iliyokoza, na zile 3 zilizobaki ndani ziwe ndiyo maji yake. Safari zinazofuata, ukimwaga na kujaza kawaida, tumia iliyochanganywa tayari.

Na fundi akikuambia aitoe themostati kwa kuwa nchi yetu ni ya joto, mkatalie kwa heshima. Ya Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na injini imetengenezwa ifanye kazi katika joto hilo. Bila yake inakunywa petroli zaidi, na kwenye baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato yasifike kwenye rejeta, gari ikachemka zaidi kuliko mwanzo.

Unachokimwaga

Ethilini glaikoli ni tamu. Ni sumu inayoua figo, na vijiko vichache vya chakula vinatosha kumuua mtoto mdogo. Kwa paka, hata chini ya hapo kunatosha. Nimeona gereji wakiimwaga uani, kuku wanapita, kidimbwi cha kijani kinang'aa juani. Na pale kwenye jiwe la matumbawe kinachomwagwa hakikai juu, kinateremka kwenye nyufa kwa haraka, na chini ya nyufa hizo ndiko tunakochota maji. Ya kwenye gari kongwe huwa na risasi ya kulehemu pia.

Mimi huikinga kwenye beseni, naitia kwenye dumu la lita 5 la kulanti ile ile iliyokwisha, wala siitii kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa saa moja. Dumu nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote mbili, liko juu ya kabati la stoo ambako wanangu hawafiki. Likijaa nalipeleka kwa fundi wangu, ambaye anayo pipa ya oili chafu na nyengine ya kulanti, kila moja na mfuniko wake, na tajiri wa pipa hizo huja na gari yake kuzichukua.